Fundi Aliyeuliza Linalia Vipi

Kwanza niseme kosa langu, usije ukaniona mtu mwema katikati ya habari hii. Fundi wetu wa Katesh aliniuliza, mbele ya gari langu lililokuwa likitetemeka, kama kelele imekwisha. Haikuwa imekwisha. Nikamjibu, "Kimya, mzee." Akafunika boneti, akafuta mikono, akaniaga kwa furaha. Nikaondoka na gari linalochakacha, nikimwacha mzee anayeamini limepona. Toka siku ile mpaka nilipomwambia ukweli ilipita miezi saba, na katika miezi hiyo aliendelea kuyaachia magari ya watu kwenda barabarani kwa masikio ambayo hayakuwa yakisikia tena. Hilo ndilo lililoninyima raha. Mengine yote nitakayosimulia nayasimulia kwa sababu nilimpenda.

Gereji yake haikuwa na kibao. Ilikuwa kiwanja cha udongo uliogeuka mweusi kwa oili, nyuma kidogo ya barabara ya Singida, na mabati manne juu ya nguzo za mkaratusi. Jirani yake alikuwa mziba pancha mmoja mwenye maneno mengi, ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kuwaandaa wageni kabla hawajamfikia Fundi. "Usimwambie gari ni bovu," aliwaonya. "Atakuuliza bovu maana yake nini." Fundi mwenyewe ungemkuta ameinamia injini ya mtu, amevaa sweta ya kijani aliyofumiwa na mkewe. Jua kali, yeye na sweta. Baridi, yeye na sweta. Alisema upepo wa pale chini ya mlima huujui mpaka uwe umelala chali chini ya gari. Mikono yake ilikuwa mikubwa, na kucha zake safi kuliko zangu, na mimi nauza dawa.

Ndiyo kazi yangu. Kwetu ni Dongobesh, lakini duka langu la dawa za mifugo liko hapa Katesh, na siku za mnada nabeba dawa mpaka Basotu na vijiji vya wafugaji. Gari langu ni dogo, la mtumba, lilishachoka kabla halijanifikia. Bila hilo gari mimi ni mama wa dukani. Nikiwa nalo, ni mtu anayengojewa.

Nilifika kwa Fundi mara ya kwanza nikiwa karibu kulia. Gari likisimama na injini inawaka, lilikuwa linatetemeka mpaka kikombe cha chai kinatembea chenyewe. Na kwa chini kulikuwa na kitu kinachakacha. Fundi wa mji mwingine, ambao siutaji, alikuwa ameniambia nibadilishe injini nzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Linalia vipi?"

"Linalia tu, mzee. Kelele."

Akaweka spana chini. "Una mtoto?"

"Ninao wawili."

"Mtoto wako akilia, unasema analia tu? Si unajua hii ni njaa, hii ni tumbo, hii ni deko? Haya. Linalia vipi?"

Basi mimi, mtu mzima mwenye duka lake, nikasimama katikati ya gereji nikalia kama gari. Tra-ta-ta-ta. Akatikisa kichwa, akataka haraka zaidi. Nikaongeza. Ukikanyaga mafuta inaongezeka au inapotea? Inapotea. Inakuja asubuhi, au likishapata moto? Wakati wote, mzee. Mziba pancha alikuwa ameacha kazi, amekunja mikono, ananitazama kama sinema. Nilipomaliza mtihani huo, Fundi akasema, kabla hajagusa chochote, "Una magonjwa mawili. Watu mnadhani kila kelele ni ugonjwa mmoja."

Akachota maji ya sabuni kwenye kopo, akayadondosha polepole juu ya kibomba cha mpira kinachopitisha hewa. Injini ikatulia hapo hapo, halafu ikaanza tena kuhangaika. Kibomba kilikuwa na ufa mdogo, kinavuta hewa isiyo yake, na ndilo lile tetemeko. Kisha akaingia chini, akashika kwa kitambaa kile kibati kinachofunika bomba la moshi. Tra-ta-ta-ta ikakoma mkononi mwake. Boliti moja ilikuwa imekatika. "Injini yako ni nzima," alisema kutoka kule chini. Hapo nililia kweli. Akaniambia niende nikalie pembeni, namchanganya, bado anasikiliza.

Hakuwa na haraka na hakupenda mwenye haraka. Ukimletea gari lenye kelele alitaka liache, likalale pale, alisikilize asubuhi likiwa baridi. Gari lililotoka safarini, alisema, limeshajikaza, haliwezi kukwambia lilivyoamka. Wenye magari walilalamika, kisha wakatembea kwa miguu kwenda nyumbani. Asubuhi angefika kabla ya wote, awashe, asimame kando amefumba macho kama anayesali kabla ya kula. Baadaye ndipo alipochukua bisibisi yake ndefu, akaweka ncha yake kwenye injini na mpini kwenye sikio, akawa anahama hapa na pale mpaka ajue sauti inatoka chumba kipi.

Kuna jambo moja tulilomtesa nalo miaka yote, na sijui kama mahali pengine lipo. Sisi watu wa huku hatupeleki mgonjwa hospitali akiwa mchafu. Mtu yuko hoi, lakini ataogeshwa, atapakwa mafuta, atavalishwa nguo ya kanisani, ndipo apandishwe basi la Haydom. Ni kumheshimu daktari. Na magari tukayafanya hivyo hivyo. Mtu alikuwa hawezi kulipeleka gari kwa Fundi kabla hajalisugua, boneti wazi, maji na sabuni ya unga mpaka injini ing'ae. Mimi niliosha langu hivyo mwaka wa pili. Lilifika kwake linakohoa, maji yamejaa kwenye matundu ya plagi.

Hakunitukana. Alitazama injini inayong'aa, akanitazama mimi na kitenge changu kipya.

"Umeniogeshea ushahidi," alisema.

Alitaka kuona oili imevujia wapi, vumbi limegandia wapi, wapi pameungua. Alitusihi, alitukaripia, alitufundisha methali: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tukaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, na wiki ijayo mwingine akaleta gari linalonukia sabuni. Mwisho alichoka, akawa anauliza tu, "Kabla hujaliosha lilikuwaje?"

Redio hazikuruhusiwa kwenye gereji yake. Simu ukipokea, nenda kule kwa mziba pancha. Kanisani alikaa benchi la mwisho, mbali na spika, na Jumapili moja baada ya ibada alimfuata kiongozi wa kwaya akamwambia spika ya kushoto ina skrubu iliyolegea, inakwaruza kila sauti ya nne ikishuka. Kiongozi alikasirika, alidhani kwaya inasemwa. Jumatatu Fundi alikwenda na bisibisi akaikaza mwenyewe. Alikuwa anajua nani anaingia mjini kabla hajamwona. "Huyo wa Endasak amerudi, tairi la nyuma linalika upande mmoja." Alisema hata mkewe akikasirika anajua kwa jinsi sufuria linavyotua jikoni, na siku hizo anachelewa kurudi makusudi.

Na mtu huyu aliyejua magari hivyo, hakuendesha. Hakuwa na leseni, hakutaka. Alitembea kwa miguu, mikono nyuma. Ukimpa lifti ulijuta, kwa sababu aliisikiliza safari nzima. Mnakwenda vizuri, mnazungumza habari za mahindi, mara anasema, "Bering'i." Mnapita kona moja. "Bering'i ya kushoto." Basi raha yote imekwisha, mpaka mnafika unasikia bering'i tu.

Alikuwa mkali kwa watu na mpole kwa vyuma. Mwenye gari aliambiwa, "Wewe kaa kule." Lakini boliti iliyoshikwa na kutu ilibembelezwa. Aliipaka mafuta, akaigonga kidogo, akaingoja, akaizungusha nusu, akairudisha. "Njoo mama. Njoo taratibu. Hakuna anayekufukuza." Nimemwona akimaliza asubuhi nzima kwa boliti moja ambayo fundi mwingine angeivunja kwa nyundo. Nilimwambia siku moja kwamba laiti angetusemesha sisi hivyo. Akajibu kwamba sisi tuna midomo ya kujitetea.

Mimi alinifundisha, bila kusema kwamba ananifundisha. Kila nilipofika alinisimamisha mbele ya gari la mtu. "Unasikia nini?" Mwanzo nilisikia injini. Baada ya miaka nilisikia vitu. Ile tik-tik nyepesi ya juu, ya haraka, hiyo ni tapeti, utafika nyumbani. Ile ya mkanda inalia kama kifaranga, hiyo pia utafika. Lakini kuna moja alinionya kwa kidole. Nzito, ya chini kabisa, ngo, ngo, ngo, inayozidi gari likibeba mzigo. "Ukisikia hiyo zima hapo hapo, hata kama uko porini na fisi wanakutazama. Hiyo ikikatika ndani, gari linasimama lilipo, kwenye mteremko au wapi, halikuulizi." Nilijiona nimehitimu.

Sasa masikio. Hatukujua yalianza lini kwenda, kwa sababu alikuwa mtu wa kuuliza mara mbili toka zamani. Linalia vipi? Lililiaje? Hebu rudia. Tulidhani anatupima. Kisha nikaona anasimama ubavu, sikio moja mbele. Nikaona mpini wa bisibisi unakandamizwa mpaka unaacha alama kwenye ngozi ya sikio lake, duara jekundu, na bado anahamisha, bado anatafuta. Siku moja nilimwambia, "Mzee, mnada wa kesho umeahirishwa," akajibu, "Wazima, tunamshukuru Mungu." Nilicheka sana. Nilipofika nyumbani kicheko kiliniishia.

Ile siku ya uongo wangu ndiyo iliyofuata. Lilikuwa tetemeko lile lile la kwanza, kibomba kingine, na kitu kinachakacha mbele. Alishughulika kutwa. Alipobadilisha kibomba injini ilitulia kweli, lakini mchakacho ulibaki, wala haukuwa wa kutafuta, mpita njia angeusikia. Fundi alifumba macho yake, akasikiliza, uso ukalainika. "Umesikia?" aliniuliza. "Kimya." Mziba pancha alitazama chini. Na mimi nikasema kimya, mzee.

Ungekuwa wewe ungesemaje? Kwetu mkubwa haambiwi umekosea. Unamzunguka, unasema labda mimi ndiye sikuelewa, unasema tutaona mbele ya safari. Hivyo tulilelewa, na ni malezi mazuri, siyakatai. Lakini siku ile malezi mazuri yalinipeleka mpaka Babati kwa fundi mwingine, nikijificha kama mwizi. Na nani nilimkuta kwenye gereji ile ya Babati? Mwinjilisti wa kanisani kwetu, amesimama kando ya gari lake, boneti juu. Yeye naye alitoka kwa Fundi wiki iliyotangulia. Tulisalimiana kama watu wawili waliokutana kilabu cha pombe saa ya ibada. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kilichomleta.

Mwezi wa pili baada ya uongo ule, mke wa Fundi alikuja dukani kununua chanjo ya kuku. Alikuwa mama mfupi, mtaratibu, anayechechemea kidogo. Nilimpa chanjo, hakuondoka.

"Hasikii jogoo," alisema.

Nikajifanya sikuelewa. "Jogoo anaumwa, mama?"

"Jogoo mzima. Mwenye jogoo ndiye hasikii. Mlango ukibamizwa hashtuki. Nikimwambia, anasema mimi ndiye nanong'ona." Akafungua pochi, akaifunga. "Mwambie wewe. Wewe anakupenda. Mimi nikimwambia ataona namzeesha."

"Nitaanzaje, mama?"

"Sijui utaanzaje. Lakini iko siku atamwachia mtu gari linaloua. Na akijua ameua mtu, mwanangu, hatalala tena mpaka afe."

Nikamwahidi. Nikakaa na ahadi hiyo miezi mitano, Mungu anisamehe. Kila nilipopita gereji nilikuwa na sababu. Leo ana wageni. Leo amechoka. Leo amefurahi, kwa nini nimharibie. Nikapeleka ndizi. Nikapeleka asali. Ukweli sikupeleka.

Kilichonitoa ni pikapu ya bluu. Nilikuwa narudi kutoka mnada wa Basotu, mashamba ya ngano yameshavunwa, vumbi tupu, nikapishana nayo inapanda mlima mdogo. Nyuma wamejaa watu juu ya magunia, akina mama, wazee, mbuzi wawili. Madirisha yangu yalikuwa wazi. Na katikati ya vumbi nikaisikia, nzito, ya chini kabisa, inaongezeka kadiri mlima unavyopanda. Ngo, ngo, ngo. Nilipogeuza gari ilikuwa imeshapotea kwenye vumbi, na njia pale zinagawanyika tatu. Sikujua ni ya nani. Nilijua tu kwamba juu ya yale magunia kulikuwa na watu kama kumi.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Fundi anakunywa chai ya maziwa kwenye benchi lake. Nikamwamkia, akaitikia. Nikasema, haraka haraka, nikitazama viatu, "Mzee, ile siku ya gari langu nilikudanganya. Lilikuwa bado linalia."

"Wazima," alisema Fundi. "Tunamshukuru Mungu."

Ukweli wa namna ile kuusema mara moja ni kazi. Mimi ilibidi niuseme mara mbili, na mara ya pili nipige kelele. Nilichuchumaa mbele yake nikapaza sauti mpaka mziba pancha akazima mashine yake ya upepo. "Mzee, husikii. Masikio yako hayasikii tena. Gari langu lilikuwa linalia, nikakwambia kimya."

Aliweka kikombe kwenye benchi, pembeni kabisa, nikadhani kitaanguka. Alinitazama midomo, kisha macho, kisha midomo tena.

"Toka lini?"

"Baada ya Pasaka."

"Wewe peke yako?"

"Si mimi peke yangu."

"Nani?"

Nikamtaja mwinjilisti. "Na yeye?" akauliza. "Na yeye, mzee." Akatikisa kichwa. "Na anahubiri." Mziba pancha alianza kukusanya vyuma vyake visivyohitaji kukusanywa. Fundi akamgeukia, akamtazama, na jibu lake akalipata bila kuuliza.

"Mlinionea huruma," alisema.

"Tulikuheshimu, mzee."

"Hapana. Heshima siyo hiyo."

Nilikosa pa kuweka uso. Lakini nilikuwa sijamaliza, na lililobaki ndilo lililonileta, basi nikamweleza habari ya pikapu. Hapo nilimwona akibadilika. Yule mzee aliyeumizwa aliondoka, akabaki fundi.

"Juu au chini?"

"Chini. Nzito."

"Lina mzigo?"

"Lilikuwa linapanda, limejaa watu."

"Rangi?"

"Bluu."

Akasimama. "Nimelitoa hapa wiki tatu zilizopita. Ni la mzee mmoja wa Basotu. Washa gari."

Njiani hakushika mpini wa mlango kama kawaida yake, wala hakutaja bering'i yoyote. Alikaa ametazama mbele, mikono juu ya magoti. Tulipopita mashamba ya ngano alisema jambo moja, na alilisema kwa sauti kubwa kuliko lilivyohitaji, kwa kuwa mtu asiyesikia hajui sauti yake inafika wapi.

"Nilikuwa nadhani magari ya siku hizi yametulia."

Nikakanyaga mafuta.

Boma la yule mzee liko upande wa juu wa ziwa. Ni mfugaji wa Kibarabaig, mrefu, rika moja na Fundi, ana ng'ombe wengi na gari moja. Nilimjua kwa dawa za kupe. Alitupokea kwa salamu ndefu kama ilivyo desturi, na Fundi aliitikia wazima, wazima, nusu ya akili yake haiko pale. Pikapu ilikuwa imesimama kivulini, imeoshwa, inang'aa. Roho yangu ikashuka mahali pake kuiona iko nzima.

Fundi hakukaa kwenye kigoda alichopewa. "Gari lako linagonga?" aliuliza.

"Linagonga," alisema yule mzee.

Nikamwekea Fundi neno hilo sikioni.

"Toka lini?"

"Halijaacha."

"Kwa nini hukurudi?"

Yule mzee alishangaa kuulizwa. Alimtazama Fundi, akanitazama mimi, kama kuna kitu hatujamweleza. "Ulisema kimya."

Hilo sikutaka kulipeleka. Fundi alikuwa amenigeukia, anangoja, anaitazama midomo yangu. "Anasema ulisema kimya," nikamwambia, kwa sauti ambayo boma zima lilisikia.

Nikamgeukia yule mfugaji. "Lakini baba, wewe mwenyewe si ulikuwa unasikia?"

"Nilisikia. Mke wangu naye alisikia. Nikamwambia sisi ni watu wa ng'ombe, tutajuaje? Mwenye injini amesema kimya. Basi tukaizoea."

Wengine wote tulimdanganya Fundi, tukaenda Babati. Huyu mmoja alimwamini, na ndiye aliyekuwa anabeba watu.

Fundi alifungua boneti. Hakuomba gari liwashwe. Alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa kidole, akapeleka kidole juani. Ile oili ilikuwa na vumbi jembamba linalometa kama shaba. Alituonyesha wote, hata watoto waliokuwa wamesogea. "Hiki ni chuma kinasagika ndani," alisema. "Hapa pamebaki kidogo sana. Mnakwenda wapi nalo tena?"

Yule mzee alisema kesho alfajiri walikuwa wanampeleka mke wa mwanawe Haydom. Mimba ilikuwa kubwa, na manesi walimtaka akangoje karibu na hospitali. Yule binti mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono juu ya tumbo. Nikampelekea Fundi habari hiyo. Alimtazama yule binti, na sijawahi kuuona uso wa mtu ukifanya vile.

"Haliwashwi," alisema. "Mama Dawa atampeleka." Hakuniuliza, na kweli nilimpeleka kesho yake, tukafika salama. Kisha akatoa ufunguo, akamwekea yule mzee kiganjani, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili.

"Masikio yangu yamekufa," alisema. "Nilikwambia kitu nisichokijua. Nisamehe, ndugu yangu. Ningekuulia mtoto."

Alisema kwa sauti ile kubwa isiyojijua. Wanawake waliacha walichokuwa wanafanya. Yule mzee wa Basotu alinigeukia mimi, amekunja uso.

"Kwa hiyo hata salamu zangu hakuzisikia?"

"Hakuzisikia, baba."

"Hata za siku ile alipolitengeneza? Nilimsalimu vizuri sana siku ile."

"Nadhani hata hizo."

Nikaona kwamba hili limemuuma kuliko gari. Alikaa akilifikiria. Kisha akavuta kigoda chake mpaka magoti yao yakagusana, akanisogeza pembeni kwa fimbo, taratibu, akaweka mdomo wake kwenye sikio la Fundi, akaanza salamu upya kutoka mwanzo.

Alimwuliza nyumbani. Nzuri, alisema Fundi. Alimwuliza mama watoto, na Fundi, ambaye kwa miezi yote ile alitujibu wazima, wazima, alisema mguu unamsumbua. Mguu gani? Wa kushoto. Toka lini? Toka masika. Alimwuliza mvua ya huko kwetu, watoto, kazi, usingizi. Fundi alijibu moja moja, ameinamisha kichwa, amefumba macho. Mimi nilikwenda nikakaa kwenye gari, nikalia bila kujificha.

Alipofika kwenye masikio, yule mzee alisogea zaidi.

"Yanauma?"

"Hayaumi," alisema Fundi. "Niulize na mengine."